Sakafu ya tela imeoza: soma dalili kabla hujang'oa mbao

Tela linalozungumziwa hapa ni lile dogo la kuvutwa na pikapu: ekseli moja, sakafu ya mbao ya futi 8 kwa 5, aina inayobeba samaki kutoka soko la Deep Sea mjini Tanga, machungwa ya Muheza, mifuko ya saruji, kokoto na chumvi. La trekta au la lori hukaguliwa vivyo hivyo, ila vipimo vya chuma na bolti hupanda.

Malalamiko yanayowarudia mafundi wa Tanga ni yaleyale. Mtu kanunua mbao, kalipa fundi, na misimu miwili ya mvua haijaisha sakafu imelainika tena. Ukichunguza unakuta mbao zilibadilishwa lakini njia ya maji iliachwa ilivyokuwa. Ndiyo maana kila dalili hapa chini inaanzia kwenye maji, inapita kwenye chuma, na mbao inakuja mwisho.

Pwani tumezoea kuibebesha chumvi lawama za kila kinachooza. Chumvi inakula chuma: bolti, nati na krosimemba, yaani vile vyuma vinavyokatiza chasi na kubeba mbao. Kinachoozesha mbao yenyewe ni kuvu, na kuvu hustawi kwa maji yasiyo na chumvi: ya mvua, na ya barafu inayoyeyuka kwenye matenga ya samaki. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haiozi. Ikikaa karibu na asilimia 30 wiki baada ya wiki, kuvu hushika kambi. Chumvi inachangia kwa upande wa pili tu: huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo tundu la bolti halikauki hata Januari.

KABLA YA KUPANDA JUU YAKE

Tela lililofunguliwa kwenye gari hubinuka mtu akisimama mkiani, na likibinuka mkono wa kuvutia hupanda kwa kasi ya kuvunja taya. Liweke mahali tambarare. Tia kabari mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili, kisha egemeza chasi kwenye kona zote nne kwa stendi za chuma au magogo ya mbao ngumu. Tofali la saruji halifai. Hupasuka ghafla bila kukuonya. Jeki ni ya kunyanyulia tu, na asilale mtu chini ya tela lililoshikwa na jeki peke yake.

DALILI: UNAKANYAGA, PANABONYEA

Sababu kwa mpangilio wa zinavyotokea:

1. Mbao imeoza pale inapolalia krosimemba.
2. Krosimemba zimeachana mno kwa unene wa mbao uliopo.
3. Krosimemba imeachia kwenye maungio, au imeliwa na kutu.

Ukaguzi wa kwanza unataka bisibisi bapa na tochi. Ingia chini. Juu jua hukausha mbao ikaonekana nzima, wakati tumbo lake limeshakuwa kama keki iliyolowa. Choma kwa bisibisi karibu na kila krosimemba, maana hapo ndipo maji hubanwa kati ya mbao na chuma. Mbao nzima hukubali milimita 2 au 3, na ukibetua inatoa kijiti kirefu chenye nyuzi. Iliyooza humeza ncha yote, na ukibetua inakatika vipande vifupi vya mraba. Ikiwa ubao mmoja au miwili tu ndiyo imeoza na iliyobaki inagoma bisibisi, badilisha hiyo miwili, ila tafuta kwanza kwa nini ni hiyo.

Mbao ikiwa ngumu kote lakini sakafu bado inacheza, pima umbali kati ya krosimemba. Mbao ya inchi 2 inavumilia hadi sentimita 60. Ya inchi 1 inataka 30 hadi 40. Plaiwudi ya milimita 18 isizidi 40. Matela mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbao ya inchi 2 hufungwa ya inchi 1 wakati wa matengenezo kwa kubana matumizi. Hapo ongeza krosimemba au rudisha unene.

Ukikuta ufa kwenye maungio ya krosimemba na chasi, au mstari wa kutu unaochuruzika kutoka kwenye weld, simamisha kazi ya mbao. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea. Ufa ukiwa kwenye mkono wa kuvutia, kwenye ekseli au pale springi zinaposhikia, usimpe fundi wa mageti. Mtafute anayejenga bodi za magari, na tela lisiende kwake likiwa na mzigo.

DALILI: PAMEOZA KONA TU, AU MSTARI WA PEMBENI

Kona za mbele zikioza peke yake, angalia tela linavyopumzika. Wengi huliacha mkono ukiwa chini, maji yote yakakimbilia mbele na kutuama kwenye anglaini (chuma cha umbo la L) ya pembeni. Weka gogo chini ya mkono ili mbele pawe juu kidogo, maji yatokee mkiani.

Mstari wa pembeni ukioza kutoka mbele hadi nyuma, ubao wa mwisho umebanwa na anglaini bila nafasi. Mchanga na majani hujaa kwenye ule mfereji na kukaa vimelowa. Wabeba saruji wana lao la ziada: unga unaovuja kwenye mifuko huingia kwenye nafasi kati ya mbao, unapata mvua, unaganda. Tangu hapo sakafu haina tundu hata moja la kutolea maji. Kwangua kwa tindo nyembamba, na baada ya kila safari ya saruji fagia pakiwa pakavu bado, kabla ya kumwagia maji.

Pakiwa pameoza katikati katika umbo la mstatili, ulizia kilichokuwa kimetandikwa: mkeka wa mpira, kapeti au turubai lililokunjwa na kusahauliwa. Turubai lifunike mzigo au lining'inizwe ukutani. Likilala sakafuni linafungia unyevu.

DALILI: DOA JEUSI KUZUNGUKA BOLTI, BOLTI INAZUNGUKA BURE

Chuma chenye kutu kikikutana na mbao ngumu iliyolowa, mbao hugeuka nyeusi au buluu iliyoiva na kulainika kuzunguka tundu. Mafundi wa majahazi Bagamoyo wanaujua ugonjwa huu vizuri kwenye misumari. Bolti inabaki imesimama, tundu limepanuka, ubao unacheza.

Kaza kwanza. Ikishika, iache na uiangalie baada ya wiki mbili. Ikizunguka bure, usihamie bolti nene kwenye tundu lilelile. Toboa tundu jipya angalau sentimita 5 kutoka la zamani, mahali ambapo bisibisi inagoma, na uzibe la zamani kwa kigingi cha mbao kilichopakwa rangi.

DALILI: UNGA MLAINI CHINI YA TELA, AU NJIA ZA UDONGO KWENYE GURUDUMU

Unga na matundu madogo ya mviringo ni wadudu watoboa mbao. Njia za udongo ni mchwa waliopanda kutoka ardhini kupitia gurudumu, gogo au mkono ulioachwa umegusa udongo. Vunja njia zote, hamisha tela kwenye zege au kokoto, na uweke kipande cha bati chini ya kila gogo. Mbao iliyotobolewa kidogo hupakwa dawa ya mbao ikiwa kavu. Ukiigonga ikitoa sauti ya debe tupu, ing'oe.

KUNG'OA

Bolti za zamani hazitafunguka kwa upole. Zipulizie mafuta ya kulainisha kutu jioni, anza kesho yake. Zenye kichwa cha mviringo na shingo ya mraba huzunguka pamoja na spana kwa sababu mbao iliyokuwa ikishika shingo imeoza. Kata mfereji kichwani kwa grenda, shika kwa bisibisi nene, mwenzako afungue nati chini. Ikishindikana, kata nati kutoka chini na ugonge bolti itokee juu.

Cheche za grenda zikiingia kwenye mbao iliyonyweshwa oili hufukuta bila moshi kwa muda mrefu. Weka ndoo mbili za maji karibu, mwagia eneo kabla na baada, na usiondoke mpaka saa nzima ipite tangu mkato wa mwisho. Kabla ya kukata chochote fuatilia waya za taa kwa mkono kutoka kwenye plagi hadi nyuma. Mara nyingi zimefungwa juu ya krosimemba, mahali hasa ambapo diski itapita.

CHUMA KIKIWA WAZI

Sehemu hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoamua kama kazi itadumu. Sugua krosimemba zote kwa brashi ya waya, halafu pitia kila moja kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti butu na kudondosha magamba. Pima unene kwa venia, kile kipimo chenye taya, pale palipoliwa zaidi na pale palipo pazima, ulinganishe. Anglaini ya milimita 5 iliyobaki 4 inaweza kusafishwa na kupakwa rangi. Iliyobaki 3 ikatwe, iwekwe mpya. Kuichomelea kiraka juu ya kutu ni kuficha tu.

Bomba la mraba lina hila zake, kwani huoza kutoka ndani. Ligonge upande wa chini, na likitoa maji au unga wa kutu kwenye tundu lolote, lihesabu limekwisha.

Wakati wa kuchomelea, tela liwe limetenganishwa na gari kabisa, plagi ya taa imetolewa, na klampu ya ethi, ile inayorudisha umeme kwenye mashine, ibanwe karibu na pale panapochomwa. Ikibanwa mbali, umeme unaweza kupita kwenye beringi za magurudumu na kuzichoma madoa. Chuma kilichochovywa zinki kikwanguliwe kwanza hadi chuma kitupu, kazi ifanyike nje penye upepo. Moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye, na maziwa ambayo mafundi wengi hunywa hayauzuii. Anayebanwa na kifua apelekwe hospitali.

Kisha rangi: redi oksaidi, ile nyekundu ya kuzuia kutu, mikono miwili, ikauke, halafu rangi ya mafuta au ya lami juu ya uso utakaobeba mbao. Toboa matundu yote ya bolti kabla ya kupaka. Ukitoboa baadaye, kila tundu ni chuma kitupu.

MBAO GANI

Mbambakofi na mninga zinavumilia sana lakini ni nzito na bei iko juu; dai risiti na kibali cha mazao ya misitu. Mtiki, ambao mkoani Tanga una shamba kubwa la serikali pale Longuza, Muheza, ni chaguo zuri kwa tela: haupindi ovyo na unastahimili maji. Ila hakikisha unanunua kiini cha rangi ya kahawia. Ile sehemu nyeupe ya nje inaoza kama mbao nyingine yoyote.

Paini inafaa ikiwa imetiwa dawa kwa presha, ile ya kijani. Kila unapoikata unafungua ndani ambako dawa haikufika, kwa hiyo paka ncha dawa ya mbao mara mbili. Mabaki yake yasiingie jikoni wala kwenye kuchomea samaki. Dawa ya aina hii mara nyingi ina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Vaa kitambaa puani unapokata.

Mnazi ni rahisi kupatikana na ganda lake la nje ni gumu kweli, lakini wauzaji huchanganya na moyo, ambao ni sponji. Mwembe uache. Mkaratusi una nguvu ila hupasuka ncha ukifungwa mbichi. Plaiwudi ya maji ya milimita 18 ni nyepesi na haraka kufunga, lakini kingo zake zisipozibwa kwa rangi nzito mikono mitatu zitafumuka tabaka kwa tabaka, kwa hiyo kwa samaki wenye barafu haipendekezwi.

Bati la chekapleti, lile lenye vinundu vya kuzuia kuteleza, la milimita 3 lina karibu kilo 25 kwa mita ya mraba, yaani kilo 90 na kidogo kwa sakafu hii. Linafaa kwa kokoto. Usiliweke juu ya mbao. Maji yatapita kwenye riveti na kubaki katikati, mbao ioze pasipo kuonekana.

Na oili chafu? Inatumika kila mahali kwa sababu ni ya bure. Inazuia maji yasiingie juujuu, haiui kuvu aliye ndani, inafanya sakafu iteleze, inaharibu ngozi ya mpakaji na kunuka kwenye machungwa. Kwa tela la chakula haifai kabisa.

KUFUNGA

Mbao hukatiza krosimemba, kwa hiyo kwenye tela hili zinalala urefu. Ukinunua mbili kwa sita (inchi 2 kwa 6) zilizorandwa, zikabaki na upana wa milimita 145, mbao 10 zenye nafasi ya milimita 5 zinajaza upana wa mita 1.5. Mbao za futi 12 zitakuachia vipande vya futi 4: vinatosha kwa mlango wa nyuma na sehemu ya ubavu, usivitupe.

Nafasi hutegemea unyevu. Mbao kavu ipe milimita 5 au 6, maana masika itavimba. Mbao mbichi zibananishe. Paini ya inchi 6 ikikauka hupungua milimita 5 au zaidi na nafasi itajitengeneza. Ukiiachia mbichi nafasi ya milimita 6, ifikapo Februari machungwa madogo yataanza kuangukia barabarani. Na mwenye kuzoea mashua asishawishike kukalafati hizi nafasi: chombo kinazuia maji yasiingie, tela linataka yatoke.

Kwa krosimemba 5, weka bolti mbili kila ncha ya ubao na moja moja kwenye krosimemba tatu za kati, kwa kupishana kushoto na kulia. Ni bolti 7 kwa ubao, 70 kwa sakafu nzima, nunua 75. Saizi ni M10, urefu milimita 75, kichwa cha mviringo, pamoja na washa pana na nati yenye plastiki ndani. Chagua zilizochovywa kwenye zinki, za kijivu kisichong'aa, na ununue na nati zake kabisa, kwa sababu nati ya kawaida haiingii kwenye ule unene. Zinazong'aa kama kioo zina zinki nyembamba mno kwa hewa ya Tanga. Za stenlesi ni bora zaidi, ila zipake grisi kwenye nyuzi. Bila hivyo nati hujing'ata njiani na hairudi wala haiendi.

Tundu la mbao liwe milimita 10, la chuma 11, sentimita 3 kutoka ukingo wa ubao na angalau 5 kutoka ncha. Paka dawa au rangi ndani ya tundu kwa mswaki mkuukuu kabla ya bolti kuingia. Kaza mpaka kichwa kizame sawa na mbao, basi. Krosimemba ikiwa ya bomba la mraba, usipitishe bolti ndefu na kuikaza mpaka bomba libonyee. Chomelea vipande vya flatiba, yaani chuma bapa, ubavuni na ufunge hapo.

SAKAFU MPYA IMEANZA KULALAMIKA

Kelele njiani baada ya mwezi: mbao imekauka na kupungua, bolti zimelegea. Kaza zote baada ya wiki mbili, tena baada ya miezi miwili. Ni kawaida, si kosa la fundi.

Ubao umeinua ncha: ilifungwa mbichi na ina bolti moja tu mwisho. Ongeza ya pili mapema. Ukingoja ukauke hivyo hautashuka.

Taa zimekuwa hafifu, au ukikanyaga breki indiketa nayo inawaka: hii inawasumbua wengi bila sababu. Taa ya nyuma ilikuwa ikipata ethi kupitia bolti zake kwenye chuma, sasa imefungwa kwenye mbao au juu ya rangi mpya. Vuta waya wa ethi kutoka kwenye taa hadi kwenye chasi, kwangua rangi ukubwa wa shilingi, funga, paka grisi. Isipopona, kuna bolti iliyopita kwenye waya. Fyuzi ikiungua kila unapounganisha, muite fundi umeme, usiongeze ukubwa wa fyuzi.

Tela linayumba mkia kwenye kasi ambayo zamani halikuyumba: angalia upepo wa matairi, kisha mpangilio wa mzigo. Mkono wa kuvutia ubebe karibu asilimia 10 ya uzito wote, yaani kilo 100 kwa tela na mzigo wa kilo 1,000, bila kuzidi kiwango cha tobaa, yaani chuma cha nyuma ya gari kinachoshika tela. Uweke mkono juu ya mizani ya gunia usome. Ukikuta mbele ni pepesi, sogeza mzigo mbele. Mizani ikiwa sawa na bado linayumba, ekseli huenda imehama wakati wa kuchomelea. Pima kutoka ncha ya mkono hadi kitovu cha kila gurudumu. Tofauti ikizidi milimita 5, fundi wa chasi ailinganishe kabla tela halijapanda tena barabara ya Segera.